Mkataba Haukuvunjwa: Nilivyoisoma Fate/Zero

Ndani ya Fate/Zero, riwaya ya Kijapani ya wachawi wanaopigania Kikombe Kitakatifu, kila mmoja akipiganiwa na roho ya shujaa wa kale, kuna hati ya mkataba iliyochapwa kama ilivyo, pamoja na vipengele vyake. Anayefungwa ni Emiya Kiritsugu, mmoja wa wachawi hao. Kiapo: hatamuua wala kumdhuru Kayneth El-Melloi Archibald wala mchumba wake Sola-Ui, kuanzia sasa na milele. Sharti: Kayneth atumie mihuri ya amri iliyombakia mkononi kumlazimisha shujaa anayempigania ajiue. Katika ulimwengu wa riwaya hii hati ya namna hiyo haina rufaa. Mchawi akishaitia saini amekwisha, hata kifo hakimfungui. Ndiyo maana wachawi wenye akili huziogopa hati hizi, na ndiyo maana Kayneth, mhadhiri wa chuo cha wachawi kule London, mtu wa ukoo wa vizazi tisa, anaikagua neno kwa neno kabla ya kukubali.

Hana namna. Yuko kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu Kiritsugu alishampiga risasi ambayo ndani yake mna unga wa ubavu wa Kiritsugu mwenyewe, risasi inayokatakata nguvu za uchawi mwilini na kuziunganisha upya ovyoovyo. Sola-Ui yuko mikononi mwa adui, hana fahamu, mkono mmoja umeshakatwa, bunduki iko kichwani. Hatua chache kutoka hapo, kwenye gofu la kiwanda, Diarmuid, shujaa wa Kayneth, na Saber, shujaa wa Kiritsugu, wanapigana, mkuki kwa upanga, kwa heshima kabisa, kila mmoja akifurahia kumpata mpinzani wa maana. Kayneth anatoa amri. Mkuki mwekundu unageuka mikononi mwa mwenyewe na kumchoma kifuani. Diarmuid anakufa akitokwa na machozi ya damu, akiwalaani wote waliomzunguka, akikilaani na Kikombe chenyewe.

Kayneth anauliza kama kiapo kimeshaanza kazi. Kiritsugu anamjibu kwamba ndiyo, kuanzia sasa yeye hawezi tena kuwaua. Anawasha sigara. Kutoka gizani msaidizi wake, Maiya, anawamiminia risasi wote wawili.

Kayneth hafi papo hapo. Anaomba amaliziwe. Kiritsugu anamwambia pole, mkataba haumruhusu. Inabidi Saber, ambaye hakujua lolote kuhusu mpango huo, amkate kichwa ili apumzike.

Niliwahi kumsimulia tukio hili rafiki yangu ambaye ni wakili, mtu asiyejua chochote kuhusu riwaya za Kijapani wala asiyetaka kujua. Nilitarajia ashtuke. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ndugu yangu, huyo mhadhiri alipaswa kuweka 'yeye mwenyewe au kupitia wakala wake'. Hiyo ni kazi ya dakika moja." Basi, akaendelea na chai yake.

Lakini alinipa ufunguo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma riwaya hii kama kitabu cha mikataba. Wengi huizungumzia kama kitabu cha uchawi na vita, au cha yule mwuaji anayetaka kuiokoa dunia, na hawajakosea. Ila ukifuatilia jinsi watu wanavyoangamia humo, utakuta ubaya mwingi umefanyika ndani ya masharti. Kila mtu ana kiapo, ana desturi ya ukoo, ana hati, na anaitimiza. Wanaouawa wanauawa kihalali.

Niseme mapema: nitataja nani anakufa na anakufaje. Anayetaka kuisoma bila kujua asiendelee, ingawa sidhani kama atapoteza kitu, kwa sababu nitakayoieleza.

Mwandishi ni Gen Urobuchi. Ulimwengu wenyewe si wake. Ni wa Kinoko Nasu, aliyeandika Fate/stay night, ule mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa kusoma, uliotoka Januari 2004 chini ya kundi la Type-Moon. Urobuchi alikuwa mwandishi wa kampuni nyingine, Nitroplus, akijulikana kwa hadithi zenye bunduki, giza na watu walioharibika. Akapewa kazi ya kuandika yaliyotokea miaka 10 kabla ya mchezo ule. Riwaya ikatoka kwa juzuu nne, kuanzia Desemba 2006 hadi Desemba 2007, michoro ikiwa ya Takashi Takeuchi. Mwaka 2011 Seikaisha wakaichapa upya kwa juzuu sita, na Oktoba mwaka huohuo studio ya ufotable ikaanza kuionyesha kama katuni ya vipindi 25. Wengi wetu tuliingilia mlango huo wa katuni, kisha tukarudi nyuma kutafuta maandishi. Mimi niliyasoma kwa Kiingereza cha mashabiki, kilichokwaruza hapa na pale, na bado yalinishika.

Sasa tazama ugumu wa kazi aliyopewa. Wasomaji wa kwanza walishajua mwisho. Kwenye mchezo wa 2004 Kiritsugu anakumbukwa kama baba mpole aliyemwokoa mtoto kutoka kwenye moto mkubwa, akamlea, akafa taratibu. Walijua mji wa Fuyuki utaungua. Walijua nani atabaki hai. Kwa hiyo Urobuchi hakuwa na siri ya kuficha, na hakujaribu kuificha. Katika maneno yake ya mwisho wa juzuu ya kwanza alikiri kwamba anatamani kuandika hadithi za kupasha watu moyo na hawezi tena, kalamu yake inakataa. Kwa hadithi ambayo mwisho wake ulishatiwa saini na mtu mwingine, huyo alikuwa ndiye mtu anayefaa.

Kanuni za vita nitazipitia haraka. Wachawi saba, kila mmoja anaita roho ya shujaa wa kale imtumikie. Wanapigana, anayebaki anapata Kikombe Kitakatifu kinachotimiza ombi lolote. Kila mchawi ana mihuri mitatu ya amri mkononi, yaani mara tatu anaweza kumlazimisha shujaa wake afanye jambo hata kama hataki. Kanisa linasimamia kama refa. Vita hii ni ya nne, na kule nyuma yake ziko koo tatu zilizoasisi mpango mzima: Einzbern, Tohsaka na Makiri, ambao siku hizi wanaitwa Matou.

Kuna kipengele ambacho wageni hawaambiwi. Ili Kikombe kifungue njia ya kule wachawi wanakotaka hasa kufika, mashujaa wote saba lazima wafe. Wote, pamoja na wa mshindi. Ile mihuri mitatu inayoonekana kama silaha, mmoja wapo unatakiwa uwekwe akiba kwa ajili ya kumuua mwenzako mwishoni. Tokiomi Tohsaka anajua hilo, na amemwita Gilgamesh, mfalme wa Uruk, akimnyenyekea kwa lugha ya adabu kila siku huku akijua atakavyommaliza. Hamdanganyi hata mara moja. Hakuulizwa, hakusema.

Tokiomi ndiye mhusika ninayemwogopa kuliko wote humu, zaidi hata ya Kiritsugu, kwa sababu hana doa. Ni baba mwema kwa kipimo cha watu wake. Ana binti wawili, Rin na Sakura, wote wamezaliwa na vipaji vikubwa, na ukoo wa kichawi unarithisha elimu yake kwa mtoto mmoja tu. Kumwacha wa pili bila ukoo ni kumtupa. Kwa hiyo anamtoa Sakura alelewe na akina Matou, jamaa wa agano la zamani waliokosa mrithi. Anaamini kwa dhati amempa binti yake maisha bora. Hajiulizi wanamfundishaje. Wanamfundisha kwa kumtupa kwenye shimo la funza wa kichawi.

Anayejua ni Kariya Matou, aliyetoroka ukoo ule ujanani. Anarudi na kuweka makubaliano na mzee wao, Zouken: nikikuletea Kikombe, umwachie mtoto. Zouken anakubali. Malipo ya awali ni mwili wa Kariya. Anajaziwa funza kwa mwaka mzima ili apate nguvu ambazo wengine huzijenga maisha yao yote, nywele zinageuka nyeupe, nusu ya uso inakufa, na haitarajiwi aishi muda mrefu baada ya hapo. Mara ya kwanza niliposoma nilimpenda Kariya kama wengine wote. Kwa kurudia nimeanza kuona alichokiweka Urobuchi kwenye pindo. Kariya alimpenda mama wa watoto wale, Aoi, tangu utotoni, na chuki yake kwa Tokiomi imekula sehemu kubwa ya huruma yake kwa Sakura. Anataka kumwokoa mtoto na pia anataka kumuua baba wa mtoto, akidhani ni jambo moja. Aoi anamkuta kanisani mbele ya maiti ya mumewe, maiti ambayo si yeye aliyeifanya, anamwambia kwamba yeye Kariya hajawahi kumpenda mtu yeyote, na mikono ya Kariya inamkaba koo mpaka akili ya Aoi inaharibika kabisa. Kariya anafia kwenye shimo lilelile la funza, Sakura akimtazama na kujiambia kwamba hivi ndivyo vinavyowapata wanaomwasi babu. Zouken hakuvunja makubaliano. Kikombe hakikuletwa.

Aliyemuua Tokiomi ni mwanafunzi wake, Kirei Kotomine, mtoto wa padri msimamizi wa vita. Tukio hili Urobuchi ameliandika kwa utulivu wa kutisha. Wamekaa sebuleni, wanaagana. Tokiomi anampa Kirei jambia la heshima, ndilo cheti cha kuhitimu masomo yake, analitoa kwenye kasha kwa fahari ya mwalimu aliyeridhika. Kirei anashukuru. Tokiomi anageuka kutangulia mlangoni. Jambia linamwingia mgongoni. Baadaye, kwenye mazishi, Kirei analitoa jambia hilohilo na kumkabidhi Rin kama kumbukumbu ya baba yake, na mtoto ambaye alijizuia kulia siku nzima analia juu ya chuma kilichomuua babake bila kujua. Kirei anaona raha. Ni mmoja wa wachache humu wanaosaliti waziwazi, bila kifungu cha kujifichia, na ni mtu ambaye alitumia ujana wake wote akitafuta kinachompa furaha bila kukipata. Sasa amekipata.

Nina malalamiko, na nisipoyasema nitakuwa shabiki tu. Mmoja wa mashujaa saba, Caster, ni Gilles de Rais, yule jemadari wa Ufaransa aliyepigana pamoja na Jeanne d'Arc na akanyongwa Nantes mwaka 1440 kwa mauaji ya watoto. Kitabuni anamdhania Saber kuwa ni Jeanne, wazo zuri, hata la kusikitisha. Lakini yeye na mwenzake Ryunosuke wanapewa kurasa nyingi mno za kuua watoto, na baada ya muda unahisi mwandishi ameshakwambia alichotaka na sasa anaendelea kwa sababu anaweza. Mimi huruka. Wanawake nao wamepunjwa. Sola-Ui yupo ili ampende Diarmuid na kukatwa mkono, Aoi yupo ili aharibiwe, Maiya yupo ili afe. Irisviel, mke wa Kiritsugu, ana uhai zaidi, hasa anapoendesha gari kama kichaa usiku, ila hata yeye tangu mwanzo ni chombo, Kikombe chenyewe kimehifadhiwa ndani yake. Na bunduki! Urobuchi akianza kueleza bunduki hakuna wa kumnyamazisha. Bastola ya Kiritsugu nadhani ninaweza kuifungua na kuifunga kwa kusoma tu.

Kinyume cha yote haya ni kijana mmoja wa miaka 19 anayeitwa Waver Velvet. Ni mwanafunzi wa Kayneth, aliandika tasnifu kwamba ukoo wa zamani si kila kitu, Kayneth akaidhihaki mbele ya darasa. Waver akaiba kipande cha vazi la kale kilichokuwa kimetumwa kwa Kayneth, akapanda ndege hadi Japani, akamwita Iskandar. Huyu Iskandar, Aleksanda Mkuu wa vitabu vya historia, ni jitu la ndevu nyekundu linaloagiza fulana ya mchezo wa kompyuta kwa posta na kugombana na bwana wake kwa sababu halijanunuliwa suruali. Vichekesho vyote vya kitabu viko hapa, na nilivihitaji.

Waver hana fedha ya hoteli. Anawaroga wazee wawili, akina Mackenzie, wamwone kama mjukuu wao, anahamia kwao bure. Sasa kuna usiku mmoja ambapo mzee Glen anamwita juu ya paa. Anamwambia kwa upole: wewe si mjukuu wetu, najua. Uchawi ulishamtoka. Hakasiriki. Wajukuu wao wa kweli hawaji, na mkewe amekuwa akicheka siku hizi kama zamani, kwa hiyo anamwomba kijana, kama hana haraka, aendelee kukaa hivyohivyo kwa muda. Waver anajibu kwamba hawezi kuahidi, kwa sababu hana uhakika wa kurudi hai.

Nilisoma hapo nikarudia. Katika kitabu kizima ambamo kila mtu anaapa, huyu ndiye anayeombwa ahadi ndogo kabisa na kukataa kuitoa kwa sababu huenda asiweze kuitimiza. Kiritsugu alimwahidi binti yake, Illya, kwamba atarudi upesi. Akiwa na mihuri, hati na hesabu zake zote, hiyo ndiyo ahadi aliyoshindwa. Vita ilipokwisha alikwenda tena na tena kwenye ngome ya Einzbern, alikobaki Illya, na ngome haikumfungulia.

Halafu Waver anafanya jambo ambalo hakuna mwenye mihuri mwingine anayelifanya. Usiku wa mwisho, kabla ya kumkabili Gilgamesh, anaitumia yote mitatu kwa pamoja. Kwa muhuri wa kwanza anamwamuru Iskandar ashinde hadi mwisho. Kwa wa pili akitwae Kikombe. Kwa wa tatu aiteke dunia. Amri za kumlazimisha mtu afanye kile ambacho roho yake inataka tayari! Mkono unabaki mtupu, hana tena kamba ya kumvutia jitu lile, na Iskandar anampandisha kwenye farasi wake hata hivyo. Wanakwenda, Iskandar anauawa. Gilgamesh anamkuta kijana amesimama peke yake daraja lilipo, anamuuliza kama yeye ndiye bwana wa yule. Waver anasema hapana, mimi ni raia wake. Basi mbona hulipizi kisasi cha mfalme wako? Kwa sababu ameniamuru niishi. Gilgamesh, ambaye hajawahi kumsifu binadamu wa zama hizi, anauita huo uaminifu na kumpita.

Bado Kikombe. Kiritsugu alipokifikia alitaka jambo ambalo hakuna anayeweza kulikataa: vita ikome duniani. Maisha yake yote yamejengwa juu ya hesabu moja, wengi kabla ya wachache. Alimuua baba yake kwa hesabu hiyo akiwa mtoto. Aliilipua angani ndege aliyokuwamo Natalia, mwanamke aliyemlea, kwa sababu abiria walishageuka mizuka na ingetua mjini. Kikombe kinamwekea fumbo: meli mbili zimetoboka, moja ina watu 300, nyingine 200, fundi ni wewe peke yako. Anachagua 300. Wale 200 wanamteka ili awatengenezee wao, anawaua. Waliobaki wanagawanyika tena, 200 na 100, meli zinatoboka tena. Anaendelea kuchagua walio wengi mpaka jumla ya aliowaua imewazidi aliowaokoa, na anapolalamika anaambiwa hii ndiyo njia yako, hatuna nyingine ya kutumia. Katika ono hilohilo anamuua binti yake na kumnyonga mkewe. Kikombe kilishachafuka tangu vita ya tatu, akina Einzbern walipojaribu ujanja kwa kumwita Angra Mainyu, mungu wa uovu, akaingia ndani na kukaa. Lakini kwa maoni yangu uchafu huo si kitu kikubwa kama mashabiki wanavyodai. Kikombe hakikumpotosha Kiritsugu. Kilisoma masharti aliyoyaandika mwenyewe kwa miaka mingi, kikayatekeleza bila wakala.

Yeye anatumia mihuri yake ya mwisho kumwamuru Saber akivunje, Saber akimsihi asifanye hivyo, kwa kuwa naye alikuja kwa ombi lake. Uchafu unamwagika, moto unaanza. Hapo ndipo wasomaji wa 2004 walipokuwa wanasubiri.

Kwenye makundi ya mashabiki utaambiwa usianze na hii, uanze na Fate/stay night, la sivyo utajiharibia. Kwa katuni, labda. Kwa maandishi ningeanza hapahapa, na juzuu ya kwanza ningemwonya mtu kwamba ni nzito: wachawi saba wanatambulishwa mmoja mmoja, majina ya Kijerumani, ya Kijapani na ya Kiayalandi yanagongana, na damu bado haijamwagika sana. Vumilia mpaka Iskandar aingize gari lake la vita katikati ya pambano la watu wengine bandarini na kutangaza jina lake kamili, jambo ambalo kanuni zote za vita zinakushauri usilifanye, huku Waver akipiga kelele nyuma yake. Ukifika hapo na bado hujacheka, rudisha kitabu.